Bastola za Gumegume za Waturuki na Namna ya Kutambua Umri Wake

Lugha ya Kiswahili ina majina matatu yanayoonyesha vizuri mwendo wa silaha za moto tangu zamani. Kwanza ilikuwako bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Kisha ikaja bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa kukwaruzana kwa jiwe gumu na chuma. Na baadaye ikaja bunduki ya fataki. Makala haya yahusu silaha ya namna ile ya katikati. Walakini si bunduki ndefu, bali ni bastola, na hasa zile zilizoundwa katika Dola ya Uthmani, ambayo makao yake makuu yalikuwa Istanbul, na ambayo kwa muda mrefu ilitawala sehemu kubwa ya Balkani, Anatolia, Sham, Misri, na pwani ya Afrika ya Kaskazini mpaka Algiers.

Bastola hizo zingali nyingi. Ziko katika nyumba za makumbusho za Istanbul na Athens, huuzwa minadani Ulaya na Marekani, na nyingine zimetundikwa katika kuta za majumba ya watu, kila moja na hadithi yake. Hapo ndipo penye shida. Katika Ugiriki, mathalan, jamaa huweza kuonyesha bastola na kusema kwamba babu yao aliichukua katika vita vya kutafuta uhuru vilivyoanza mwaka 1821. Yamkini ni kweli. Lakini yamkini pia kwamba bastola ile iliundwa miaka sabini baada ya vita hivyo, na yule babu hakuiona kamwe. Vilevile mnunuzi huambiwa kuwa bastola ni ya mwaka 1650, akalipa bei ya mwaka 1650, kumbe amenunua kazi ya karne ya 19. Kosa la tarehe si kosa dogo, kwa maana huondoa fedha mfukoni mwa mtu, na huharibu kumbukumbu za wazee.

Kanuni inayozidi zote ni hii: umri wa bastola hupimwa kwa kiungo chake kipya kabisa kilichokuwako tangu siku ilipoundwa, wala si kwa kiungo kinachoonekana kikongwe. Mtu akijenga nyumba kwa mawe aliyoyatoa katika gofu, nyumba yake haiwi ya kale kwa sababu mawe yake ni ya kale. Mafundi wa Uthmani walifanya kazi namna hiyo hiyo. Walichukua mtutu kutoka silaha moja na mtambo kutoka nyingine, wakachonga mti mpya, kisha wakampa sonara avishe fedha. Jambo hilo halikuwa udanganyifu. Mtutu mzuri ulikuwa mali ya thamani, na haukutupwa kwa sababu mti wake umepasuka.

KABLA YA KUISHIKA

Neno la kwanza si la elimu bali ni la usalama. Bastola ya kale huweza kuwa imeshindiliwa mpaka leo. Baruti nyeusi iliyokaa kavu ndani ya mtutu kwa miaka mia na zaidi haipotezi nguvu zake, na watu wamejeruhiwa kwa kuichezea silaha waliyodhani ni pambo. Njia ya kuijaribu ni nyepesi. Bastola iwekwe mezani, mdomo wa mtutu usielekezwe kwa mtu ye yote. Kisha kijiti kiingizwe taratibu mpaka kigote, na kitiwe alama penye mdomo. Kijiti kile kikitolewa na kulazwa juu ya mtutu kwa nje, ncha yake yapasa kufika karibu na lile tundu la moto lililo ubavuni. Ikikomea mbali na tundu, ndani mna kitu, na bastola hiyo haina budi kupelekwa kwa fundi wa silaha. Asiwepo mtu wa kuichokoa kwa msumari.

MTAMBO

Mtambo wa gumegume hufanya kazi hivi. Nyundo hubana kipande cha jiwe katikati ya mataya yake mawili. Kifyatulio kikivutwa, kamani huisukuma nyundo mbele, na jiwe hukwaruza kibamba cha chuma cha pua kilichosimama mbele yake. Cheche huruka, na wakati huo huo kibamba hufunuka na kuacha wazi kibakuli kidogo chenye baruti laini, kiitwacho kifa. Baruti ya kifani ikishika, moto hupenya katika tundu la ubavuni na kuwasha baruti iliyoshindiliwa mtutuni.

Katika nchi za Uthmani ilitumika hasa mitambo ya namna mbili. Mmoja ulikuwa wa kawaida katika nchi za Mediterania. Kamani yake kubwa iko nje ya bamba, yaonekana kwa macho, na mataya ya nyundo yake ni mapana. Wakusanyaji wa silaha huuita mikeleti. Uliwekwa zaidi katika bunduki ndefu, nao ulidumu mpaka karne ya 19 bila kubadilika sana. Kwa hiyo hautoi msaada mkubwa kwa mwenye kutafuta mwaka. Mwingine ni mtambo wa Kifaransa, uliotokea Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, ambao kamani yake kubwa imefichwa ndani. Bastola nyingi za Waturuki zina mtambo huu wa pili, ama uliletwa kutoka Ulaya, ama uliigwa na fundi wa nchini.

Mtambo wa Kifaransa waweza kusomwa. Katika mitambo ya mwanzo wa karne ya 18, bamba lenyewe limevimba kidogo, na upande wake wa chini umepinda mfano wa ndizi. Baadaye mabamba yalifanywa bapa na kunyooka zaidi. Katika robo ya mwisho ya karne hiyo kikaenea kijigurudumu kidogo kinachowekwa chini ya kibamba, mahali kinapogusana na kamani yake, ili kifunuke kwa wepesi. Mtu akikiona kijigurudumu hicho, na akaambiwa kwamba mtambo ni wa mwaka 1700, ajue ameambiwa lisilo kweli.

Lakini kanuni hii hukata upande mmoja tu. Mafundi wa Balkani walipenda umbo la kale la Kifaransa, wakaliiga kwa zaidi ya miaka mia. Bastola yenye bamba lililovimba na kitako kirefu huonekana kama ya mwaka 1720, na kumbe iliundwa mwaka 1820. Umbo laweza kusema, "Siwezi kuwa mzee kuliko mwaka fulani." Haliwezi kusema, "Mimi si kijana kuliko mwaka fulani."

Yafaa pia kutazama kama mtambo umebadilishwa. Kasisi mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1807 kwa njia ya kuwasha baruti kwa dawa inayolipuka ikigongwa, na kutokana na uvumbuzi huo zikapatikana fataki. Majeshi ya Ulaya yalizipokea kwa wingi karibu na mwaka 1840. Hapo gumegume nyingi ziligeuzwa: kibamba kikaondolewa, kifa kikakatwa, matundu ya parafujo yakazibwa, na nyundo mpya ikawekwa. Katika siku za karibu wako wafanyao kinyume chake. Huchukua bastola iliyogeuzwa na kuirudisha kuwa ya gumegume, kwa kuwa gumegume ina bei zaidi. Dalili yake ni kifa kipya kisicho na ulaji wa baruti, kilicho karibu na mtutu uliolika, au parafujo ambazo njia zake zote zalingana sawasawa kama zilizokatwa kwa mashine.

MTUTU NA CHAPA ZAKE

Juu ya mtutu, karibu na mti, aghalabu huwako maandishi au chapa. Jina linaloonekana mara nyingi ni Lazarino, nalo ndilo lililowapotosha watu wengi. Lazarino Cominazzo alikuwa mmoja wa jamaa ya mafundi mashuhuri wa Gardone, karibu na Brescia katika Italia, walioishi karne ya 17. Mitutu yao ilisifiwa kwa wembamba na nguvu, hata jina lenyewe likawa kama alama ya ubora, likaandikwa na mafundi wengine wengi ambao hawakuwa na uhusiano wo wote na jamaa ile. Katika Balkani lilichorwa pengine na mtu asiyejua herufi za Kilatini, na kwa hiyo herufi nyingine zimegeuzwa, nyingine zimerukwa, na nyingine si herufi kabisa bali ni mistari iliyopangwa kama herufi. Msomaji akiyaona maandishi ya namna hiyo, amepata habari njema: mtutu si wa Lazarino, lakini ni kazi ya nchini, na udhaifu wa herufi zake ndio ushahidi wenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa neno London lililochorwa juu ya mabamba ya mitambo ambayo haikupata kuiona Uingereza.

Chapa zenye kuaminika zaidi ni zile za nyumba za kujaribia mitutu. Kwa sheria za nchi kadha za Ulaya, mtutu ulijazwa baruti kupita kiasi, ukapigwa, na usipopasuka ukatiwa chapa. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Kwa hiyo mtutu wenye chapa yake haukujaribiwa huko kabla ya mwaka huo. Katika mji wa Liège, Ubelgiji, ulipeleka silaha nyingi za biashara katika nchi za mashariki na Afrika, chapa ni herufi ELG ndani ya duara la mfano wa yai. Mwaka 1893 likaongezwa taji juu ya duara lile. Basi ile bastola ya babu aliyepigana mwaka 1821, ikiwa mtutuni mwake mna ELG yenye taji, hadithi yake haiwezi kusimama, kwa maana iko miaka 72 kati ya vita na chapa. Na isidhaniwe kwamba hakuna aliyeunda gumegume wakati ule. Liège iliendelea kuziunda kwa ajili ya biashara hata baada ya majeshi ya Ulaya kuzisahau.

MTI, FEDHA NA MAHALI PA KUUNDWA

Mti wa bastola hizi aghalabu ni wa jozi, na urefu wa bastola nzima mara nyingi ni sentimita 45 hata 55. Ziliundwa mbili mbili, zikachukuliwa katika mikoba ya tandiko la farasi au kuchomekwa katika mshipi mpana wa ngozi pamoja na jambia au upanga mfupi.

Mgeni wa mambo haya hushangaa kuona kwamba nyingi hazina mdeki. Hajui kuwa mdeki ulichukuliwa mbali, ukining'inia kwa kamba, ili usipotee juu ya farasi. Waturuki waliuita harbi, na mingine ilifunguka ikatoa kisu chembamba. Chini ya mtutu fundi alichonga mfano wa mdeki kwa ajili ya pambo tu. Wako wachuuzi waliotoboa mahali pale na kutia mdeki mpya, wakidhani wanatengeneza upungufu. Wameharibu kitu kilichokuwa kizima.

Mapambo husaidia kujua mahali kuliko kujua mwaka. Mji wa Prizren katika Kosovo ulikuwa na mafundi wengi wa silaha, na bastola zilizovikwa fedha au shaba yenye nakshi za majani ni za kawaida katika pande zile za Balkani. Katika Albania na magharibi ya Ugiriki kulikuwa na bastola zilizovikwa chuma au fedha mwili mzima, na kitako chake ni chembamba, kimechongoka mwishoni kama mkia wa panya. Ndivyo wakusanyaji wanavyoziita. Zenye marijani nyekundu zilizopangwa juu ya mti hutoka Algiers, mji uliokuwa chini ya Uthmani mpaka Wafaransa walipoutwaa mwaka 1830. Bastola za Kaukasia huchanganywa na za Waturuki, lakini zajulikana kwa urahisi: kifyatulio ni kitufe cha mviringo kisicho na kikingio, na kitako huishia kwa tufe. Kuchanganywa huko kuna sababu yake, kwani Wacherkesi kwa maelfu na maelfu walifukuzwa na Warusi mpaka mwaka 1864, wakahamia nchi za Sultani na silaha zao.

Fedha ina ushahidi wake mwenyewe. Fedha iliyopimwa na wakaguzi wa serikali ilipigwa chapa ya tughra, yaani sahihi ya Sultani: mistari mitatu iliyosimama, mizunguko miwili ya mviringo upande wa kushoto, na majina yaliyosukwa chini. Mwenye kujua herufi za Kiarabu aweza kulitafuta jina la Sultani na la baba yake, na baada yake maneno yenye maana ya "mshindi daima", ambayo hilo neno daima halihitaji kufasiriwa. Selim wa Tatu alitawala kuanzia 1789 hata 1807. Mustafa wa Nne 1807 hata 1808. Mahmud wa Pili 1808 hata 1839. Na Abdülmecid 1839 hata 1861. Tughra iliyo wazi hutoa tarehe bora kuliko umbo lo lote. Ubaya ni kwamba chapa hiyo ni ndogo, na watu wengi huisugua fedha kwa majivu na mchanga ili ing'ae. Ikiisha kung'aa, tughra imekwisha kufutika, na pamoja nayo ushahidi.

TAREHE ZILIZOANDIKWA

Msomaji wa pwani aliyesoma chuoni anazijua tarakimu za Kiarabu, naye katika jambo hili amewatangulia wakusanyaji wengi wa Ulaya. Tarehe hufuatana mara nyingi na neno sene, yaani mwaka, na ni ya Hijra. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo haitoshi kuongeza 622. Hesabu yake ni kuigawanya tarehe kwa 33, kuondoa jibu katika tarehe ile ile, kisha kuongeza 622. Kwa mfano 1215: ukiigawanya kwa 33 hupata karibu 37; 1215 ukitoa 37 hubaki 1178; ukiongeza 622 hupata 1800. Pengine tarakimu ya elfu iliachwa, kama ilivyokuwa desturi katika hati za Uthmani, na 214 ikasimama badala ya 1214.

Maneno yaliyo kando ya tarehe yasomwe pia. Likiwapo neno ameli, maana yake ni kazi ya fulani, na tarehe ni ya fundi. Likiwapo sahib au malik, huyo ni mwenye mali, na tarehe yaweza kuwa ya siku aliyoipata silaha ambayo ilikwisha kuwa kongwe. Uko na mtego mwingine. Sarafu zote za Mahmud wa Pili zina mwaka 1223, ambao ni mwaka alioketi kitini, hata kama sarafu ilipigwa miaka ishirini baadaye; mwaka wa kutawala huonyeshwa kwa tarakimu nyingine ndogo. Basi sonara akiiga sarafu katika nakshi zake, ile 1223 si tarehe ya bastola.

MFANO MMOJA

Tuseme mchuuzi ameleta bastola ya sentimita 50, naye asema ni ya mwaka 1650, kwa sababu juu ya mtutu pameandikwa Lazarino. Herufi moja imegeuzwa, nyingine imeanguka. Upande wa pili wa mtutu, ndani ya nakshi ya dhahabu, pana neno ameli, jina lisilosomeka, na sene 1223. Bamba la mtambo lina kijigurudumu chini ya kibamba. Kitako kimevikwa fedha, na ndani ya jani moja la nakshi pana tughra ndogo ya Abdülmecid.

Lazarino aondolewe kwanza. Herufi zake zimemkana. Kijigurudumu chasema mtambo si wa kabla ya robo ya mwisho ya karne ya 18. Tarehe 1223, kwa hesabu ile, ni mwaka 1808, na kwa kuwa limetangulia neno ameli, ni ya fundi wa mtutu. Imebaki fedha, ambayo haikupigwa chapa kabla ya 1839. Hapo swali moja ndilo linaloamua mambo yote: je, fedha ile iliwekwa siku bastola ilipoundwa, au iliongezwa baadaye? Itazamwe kama nakshi ya kitako yaendelea katika kikingio cha kifyatulio na mkononi kwa mkono ule ule wa fundi. Parafujo moja ifunguliwe na mtu mwenye ujuzi, atazame kama chini ya fedha yako matundu ya misumari ya zamani au mti uliosuguliwa kwa kushikwa. Akiona mti umechakaa chini ya fedha, bastola ni ya 1808, na baadaye ilivikwa vazi jipya. Akiuona mti safi, haukupata kushikwa na mkono wa mtu, bastola yote iliundwa wakati wa Abdülmecid juu ya mtutu wa zamani.

Mti ukionekana safi, kibandiko chake katika nyumba ya makumbusho kitaandikwa hivi: "Bastola ya gumegume, Dola ya Uthmani, kati ya 1839 na 1861, mtutu wa 1223 Hijra (1808), wenye jina la Lazarino lililoigwa." Ni maneno marefu kuliko ya mchuuzi, na bei yake ni ndogo.